Tulivyokiposa Chuo cha Mifugo

Ilikuwepo nchi, na kama ingali ipo basi Mungu aisitiri, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Imebadilishwa jina mara nyingi, nami naweza kutaja lile la zamani nikaonekana mpinzani, na kwa umri wangu huu sitaki safari za kwenda kujieleza. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na watu wa salamu ndefu, na katikati yake palikuwa na Wizara ya Elimu, Adabu na Mambo Mengine. Mbele ya Wizara kulikuwa na bustani ya maua ya plastiki, mekundu na ya manjano, ambayo kila Jumatatu yalimwagiliwa maji na mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Zamani, kijana wa nchi ile akimaliza sekondari alipeleka maombi kwenye vyuo alivyovitaka, vitatu au vinne kwa pamoja. Chuo hiki kikimkataa, kile kinamkubali, anafunga begi lake anakwenda. Jambo lilikuwa jepesi mno, na serikali inayojiheshimu haiwezi kuliacha jambo likawa jepesi namna hiyo.

Siku moja Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ulimwengu Pazi, alitembelea shule akamwuliza kijana mmoja, "Umeomba chuo gani?" Kijana akajibu kwa furaha kwamba ameomba sita. Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amwone vizuri huyo asiye na haya.

"Sita!" alinguruma redioni jioni ile. "Ndugu wananchi, tumefika hapa? Hivi kweli mwanamume mwenye adabu zake anaweza kuposa mabinti sita asubuhi moja?"

Pale sebuleni kwangu tuliokuwa tukisikiliza, wazee wenye wake watatu watatu walikohoa kidogo, kisha wakakubaliana na Waziri kwamba kwa asubuhi moja, hapana, hiyo ni pupa.

Ndipo ikatoka Sheria ya Posa za Elimu. Kuanzia siku ile mwanafunzi hakuomba tena chuo, alikiposa. Aliposa kimoja tu, kwa kumtuma mshenga, pamoja na wazee wa kwao na sinia la sambusa. Mwanafunzi ndiye bwana harusi na chuo ndicho bibi harusi. Ada ikaitwa mahari, na hapo sitasema zaidi maana hata wakati ikiitwa ada ilikuwa inauma. Tena ikawa marufuku kwa mwanafunzi kukiona chuo kabla ya kukubaliwa, kwa sababu, alisema Waziri, ni nani katika mila zetu aliyemfunua bibi harusi kabla ya siku yake?

Majengo ya vyuo vyote yakazungushiwa mapazia.

*

Sasa vijana walikuwa na maswali, kama vijana wa kila mahali. Nichague chuo gani? Nikikataliwa je? Nitalala wapi? Zamani maswali hayo waliwauliza walimu. Lakini katika posa kijana hafungui mdomo, msemaji ni mshenga. Kwa hiyo Wizara iliwakusanya washenga wa nchi nzima kwenye semina ya siku moja, ikawapa wali na kuku, ikawatangaza kuwa Washauri Wakuu wa Masomo ya Juu.

Mshenga wa mtaa wetu alikuwa Mzee Kibwana. Alikuwa amefungisha ndoa nyingi sana, na baadhi yake mpaka leo zipo. Mtu wa kofia safi, kikohozi cha heshima, na fimbo aliyoitumia kunyooshea mambo, si kutembelea. Alipotoka kwenye ile semina walimpa kipindi redioni, kila Jumamosi asubuhi, na mimi nilikuwa sikikosi. Nachambua mchele huku nasikiliza.

"Babu, shikamoo," kijana mmoja alipiga simu. "Naomba kujua, ukichagua chuo unaangalia nini?"

"Marahaba. Angalia mama yake," akajibu Mzee Kibwana. "Chuo hufanana na wizara iliyokizaa."

"Na posa yangu ikikataliwa?"

"Usilie mbele za watu. Oga, vaa vizuri, upite mbele ya geti lao umependeza, wajute."

Msichana mmoja akauliza kama mtu anakaa bwenini au anapanga chumba mtaani. Mzee akashangaa. "Binti yangu, ukweni hakulalwi! Unakwenda asubuhi, unasalimia, unaondoka na heshima yako." Wizara ilifurahi sana na jibu lile. Mabweni yalikuwa yamebomoka tangu mvua za mwaka juzi, na kumbe ilikuwa ni mila.

"Babu, mimi nimepewa somo nisilolipenda."

"Nani alikuambia upende kwanza? Mapenzi huja baadaye, ndani ya nyumba."

Huyu wa mwisho nilimjua kwa sauti. Alikuwa Mfaume, mtoto wa jirani yangu wa ukutani. Tangu mdogo alikuwa akifungua redio za watu na kuzifunga zikasema vizuri zaidi. Aliposa umeme, akapewa Shahada ya Usimamizi wa Foleni. Yuko mwaka wa tano sasa. Nilipomwuliza juzi kama mapenzi yamekuja, alifikiri kidogo, akasema, "Hapana, bibi. Lakini tumezoeana."

*

Basi kwangu nilikuwa naye mjukuu wangu, Sikudhani. Wazazi wake wapo mbali kwenye mashamba ya chai, nimemlea mimi. Msichana mwembamba, ana mikono mirefu kama ya mtu anayetaka kufikia kitu juu ya kabati. Kwetu kule kila mvua zinapoanza mbuzi huvimba tumbo, wanalala ubavu, wanakufa, na watu husema ni kijicho. Sikudhani hakusema ni kijicho. Alikaa na mbuzi wangu mmoja mwekundu mpaka pumzi ya mwisho, ameweka sikio kwenye mbavu zake, kisha akaniambia, "Bibi, humu ndani kuna kitu, na kuna watu wanakijua. Nataka kwenda kwa hao watu."

Hao watu walikuwa Chuo cha Mifugo. Alifaulu vizuri, alama zake nzuri tupu. Lakini sheria haikuuliza alama. Iliuliza mshenga.

Mzee Kibwana alikubali, akanywa chai yangu ya tangawizi, akamwita mjukuu wangu.

"Una maswali?"

"Ninayo, babu. Nataka kujua kama wana ng'ombe wa kujifunzia. Kama walimu wapo. Kama mtu anaingia zizini mwaka wa kwanza au anasubiri. Na nikimaliza..."

"Basi, basi." Mzee aliinua fimbo. "Hayo hayaulizwi."

"Huulizwa nini?"

"Hali."

*

Tulikwenda Jumamosi, watu watatu: Mzee Kibwana, mimi, na shangazi yake Sikudhani aitwaye Mgeni, ambaye hatukupanga kumchukua kwa sababu ya mdomo wake, lakini sinia lilikuwa lake. Mwenyewe Sikudhani alibaki nyumbani kama kanuni ilivyotaka.

Vyuo vyote vya nchi ile vilikuwa na mama mmoja kisheria. Cheo chake kiliitwa Mama Mzazi wa Vyuo Vyote, na siku zile kilishikwa na Profesa Nyangalio, mwanamume wa ndevu nyeupe na sauti nzito. Kwa kuwa kanuni iliagiza Mama Mzazi apokee posa akiwa amejifunga khanga, alikuwa amejitanda doti nzima juu ya suti, na jina la khanga limekaa sawasawa mgongoni: *Wangu haombwi maji*.

"Hodi, Mama," alisema Mzee Kibwana kwa unyenyekevu.

"Karibuni, wanangu," alinguruma Profesa.

Tukaketi kwenye jamvi ofisini mwake, pembeni ya Chuo cha Mifugo. Salamu zilichukua muda wa kupika maharage. Kisha Mzee Kibwana akajisafisha koo, akaanza kwa mafumbo kama inavyopaswa.

"Mama, sisi ni wapita njia. Tumeona moshi unafuka hapa kwenu, tukasema, hapa pana mpishi."

"Ule moshi ni wa maabara," alisema Profesa. "Imeungua Jumanne."

Mzee hakutetereka. "Tuna kijana wetu, Mama. Amevutwa na binti yenu wa Mifugo."

"Kijana huyo mtoto wa nani?"

"Mtoto wetu wenyewe. Msichana mtulivu."

Profesa alirekebisha khanga yake. "Bwana harusi ni msichana?"

"Na bibi harusi ni jengo," alidakia Shangazi Mgeni. "Sisi tukae tushangae lipi?"

Mzee Kibwana alimkanyaga mguu. Profesa akaendelea na maswali ya upande wao. Kijana anaamka saa ngapi? Akiamka anamwamkia nani kwanza? Ana marafiki wa namna gani? Akaegemea mbele, akashusha sauti: "Na niambieni ukweli, wazazi wenzangu. Amewahi kuuliza swali darasani?"

"Haijatokea!" alisema Mzee Kibwana upesi. "Tangu chekechea. Ametulia kama mtungi."

Sambusa ilinipalia. Nilipigwa mgongo mpaka nikatulia.

Ikawa zamu yetu. Mzee aliuliza hali, wakajibu hali ni nzuri. Akauliza habari za kutwa. Akauliza habari za mvua. Nikaona anafunga mazungumzo, na mtoto kule nyumbani amekaa mlangoni anangoja. Shangazi Mgeni akaona vilevile.

"Eti, Mama mkwe," alisema, "huko Mifugo, ng'ombe yupo?"

Hata nzi wa kwenye sinia alitulia.

"Mmekuja kuposa," alisema Profesa polepole, "au mmekuja mnadani?"

"Kuposa, Mama, kuposa! Msameheni, ana homa," alisema Mzee Kibwana.

"Sina homa. Mtoto anakwenda kusomea ng'ombe, nimeuliza ng'ombe. Ningeuliza nini, ngamia?"

Profesa alichezea ncha ya khanga. Aliposema tena sauti ilikuwa ya huzuni, na mimi nilimwonea huruma. "Wazee wangu, hata kama mngekuja na adabu zenu zote, binti huyu nisingeweza kumtoa. Ninyi ni watu wa mila. Mnajua mdogo hatoki ndani dada yake akiwa bado amekaa."

"Dada yake?"

Akanyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara lilisimama jengo la vioo vitupu, ghorofa juu ya ghorofa, pazia lake la hariri, na bendera. Kilikuwa ni Chuo cha Itifaki na Ukataji Utepe, kifungua mimba wa Wizara, alichojengewa Waziri mwenyewe na Waziri mwenyewe. Kilikuwa na miaka mingi na hakijapata posa hata moja.

"Kila anayekuja kumposa mdogo tunamwonyesha huyo," alisema Profesa. "Na kila akionyeshwa anakumbuka ana safari. Lakini mwaka huu tumeamua. Mchukueni mkubwa, ama muache wote."

*

Nyumbani Mzee Kibwana aliziwasilisha habari kama mtu aliyeleta zawadi.

"Mjukuu wangu, usidharau. Mkubwa ana heshima zake. Ana vioo. Ana lifti, ingawa haipandi."

"Wanafundisha nini, babu?" aliuliza Sikudhani.

"Mwaka wa kwanza, kukata utepe. Mwaka wa pili, kusimama pembeni ya anayekata. Mwaka wa tatu ni mafunzo kwa vitendo: unabeba mkasi kwenye mto."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wanachinjwa kwenye mahafali."

Sikudhani hakucheka. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Nikikataa je?"

Hapo hata Mzee Kibwana aliangalia chini. Msimu wa posa ulikuwa unafungwa Ijumaa ile. Kijana aliyefika Ijumaa bila kuitikia alichopewa aliandikishwa kuwa Mseja wa Elimu, na Mseja wa Elimu hakuruhusiwa kuposa chuo chochote maisha yake yote. Serikali haikutaka vijana wanaochagua chagua. "Itikia, mjukuu wangu," alisema mzee. "Mapenzi yatakuja."

Alipoondoka, mtoto alitoka nje akakaa na mbuzi. Nilimwacha. Mtu mwenye uchungu usimfuate na maneno, mfuate na chakula. Nilimpelekea ndizi za nazi, nikakaa naye kwenye kigogo, na kwa kuwa bibi ana wajibu wa kumwonya mjukuu juu ya hatari za dunia, nikamwonya.

Nilimwambia kuna kanuni moja mbaya sana ndani ya Sheria ile, iitwayo Kanuni ya Mkeka. Waziri aliiweka kuwatisha vijana wachunguliaji. Inasema kijana yeyote atakayekutwa ndani ya chuo ambacho hajapewa, afanyiwe kama wazee wetu walivyomfanyia kijana aliyekutwa chumbani kwa binti wa watu: hatoki. Unatandikwa mkeka, wanaitwa mashahidi, anafungishwa ndoa papo hapo na hichohicho chuo alichokutwa nacho, apende asipende, mpaka amalize.

"Ni aibu kubwa," nikamwambia. "Mpaka leo hakuna kijana aliyethubutu."

Aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo ujihadhari," nikaendelea. "Hasa na lile zizi la Mifugo. Nasikia mlango wake wa nyuma, ule wa bati unaotazama shamba la mihogo, haufungiki vizuri. Na saa saba mchana walinzi wote huwa mgahawani wanakula. Mtu anaweza kupotea njia akaingia bila kujua. Usije ukasema hukuonywa."

"Nimekusikia, bibi," alisema. "Ijumaa nitajihadhari sana."

Mtoto msikivu. Sijui amemrithi nani.

*

Ijumaa ile mimi nilipatwa na hamu ya kutembea. Nikajikuta nje ya geti la Chuo cha Mifugo. Miguu ikaniuma, nikatandika mkeka wangu wa ukindu kivulini nikakaa. Shangazi Mgeni naye alipita kwa shughuli zake, nikamkaribisha. Mzee Kibwana tulimwomba aje kutuonyesha njia ya kurudi nyumbani. Hakujua lolote, maskini. Alidhani tumechanganyikiwa, akaja haraka.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na Daktari Mwanahamisi. Huyu mama alikuwa mwalimu pekee aliyebaki Mifugo. Kwa sababu ya dada mtu, hakuwa na mwanafunzi kwa miaka mitatu. Alikuwa akiingia darasani asubuhi, anaita majina ya waliohitimu zamani, anajibu mwenyewe "yupo", anafundisha, anatoka. Saa saba ile alikuwa zizini peke yake na ng'ombe wa chuo, maana alikuwepo, mmoja, mweusi mwenye baka jeupe pajani. Ng'ombe alikuwa na uchungu tangu asubuhi na ndama amekaa vibaya. Mlango wa bati ukalia.

"Wewe nani?" aliuliza Daktari bila kugeuka.

"Sikudhani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta posa?"

"Nimekataliwa."

"Basi nawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Una mikono mirefu? Njoo. Ingiza hapa. Polepole. Unashika nini?"

"Mguu."

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Sijui, mama."

"Vizuri. Asiyejua ndiye ninayemtafuta. Fuata goti, niambie linakunjikia wapi."

Wakahangaika pamoja, mmoja anaelekeza, mmoja anavuta, ng'ombe anawalaumu wote wawili. Mara mbili Sikudhani alivuta palipokatazwa, mara mbili akagombezwa, na Daktari aliniambia machozi yalikuwa yakimtoka wakati akigombeza, kwa jinsi alivyokuwa amekosa mtu wa kumgombeza. Kwato za ndama zilipochungulia, Daktari Mwanahamisi alimtazama yule msichana aliyelowa mpaka kifuani, akakumbuka sheria. Akakimbilia dirishani.

"Walinzi!" alipiga ukelele. "Walinzi, njooni! Nimeingiliwa na mwanafunzi! Namaanisha, mhalifu! Fungeni milango yote asitoke! Hasa asitoke!"

*

Walinzi walikuja na midomo ya pilau. Profesa Nyangalio alikuja anakimbia, khanga mkononi. Na kwa kuwa ng'ambo ya barabara Waziri mwenyewe alikuwa akizindua uzio mpya wa Chuo cha Itifaki, naye alivuka kuona kelele za nini, mkasi bado umo mkononi, na wapigapicha nyuma yake. Sisi tuliokuwa getini tulisukumwa ndani na watu. Sikupenda, lakini sikupinga.

Tulimkuta Sikudhani amepiga magoti kwenye nyasi, ndama mapajani, anamsafisha pua.

"Huyu amekutwa ndani?" aliuliza Waziri.

"Ndani kabisa, Mheshimiwa," alisema Daktari Mwanahamisi. "Kufika begani."

Profesa alijaribu. Namheshimu, alijaribu. "Mheshimiwa, dada mtu bado yupo nyumbani. Tukimtoa mdogo..."

Wote wakamgeukia Mzee Kibwana, aliye mtaalamu. Mzee alimwangalia Sikudhani. Alimwangalia ndama anavyojaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Kisha akaniangalia mimi, macho yakasimama kwangu muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Nadhani ndipo alipoelewa njia ya nyumbani tuliyokuwa tumeipoteza.

Akakohoa kile kikohozi chake.

"Mkeka," alisema, "haumngojei dada mtu. Haijapata kutokea, wala wazee hawajawahi kusikia. Aliyekutwa, amekutwa."

"Sheria ni msumeno," alisema Waziri kwa uchungu, maana aliitunga yeye na wapigapicha walikuwapo. "Leteni mkeka."

Walinzi wakatawanyika. Wakarudi. Chuo hakikuwa na mkeka. Kilikuwa na fungu la kununulia mkeka, lakini fungu lenyewe lilikuwa linasubiri kikao. Profesa akaanza kutabasamu. Alisema bila mkeka ndoa haisimami, jambo liahirishwe hadi Jumatatu, na Jumatatu msimu ungekuwa umeshafungwa.

"Mimi ninao," nikasema. "Kwa bahati tu."

"Na mashahidi?"

"Tumo," alisema Shangazi Mgeni. "Na sambusa zimo."

Basi ukatandikwa mkeka wangu zizini, upande usio na samadi. Sikudhani akakalishwa mwisho mmoja, na kwa kuwa chuo hakiwezi kukaa, mwisho wa pili akakalishwa ndama kukiwakilisha. Waziri akapanda juu ya debe la pumba, akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Leo ni siku ya majonzi. Binti huyu, badala ya kungoja kwa heshima apewe asichokitaka, amekwenda mwenyewe kwa kitu anachokipenda. Taifa litajengwaje na watu wa namna hii? Kwa hiyo, ili liwe fundisho kwa vijana wote, namhukumu asome Udaktari wa Mifugo, miaka mitano mfululizo, bila msamaha, pamoja na mitihani!"

Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nililia, kama inavyomstahili bibi wa mkosaji, nikajifuta kwa ncha ya khanga, nikalia tena kidogo upande ule wa wapigapicha.

"Una la kusema?" Waziri alimwuliza Sikudhani.

"Naomba maji ya vuguvugu," alisema. "Mama yake bado hajasafishwa."

*

Hukumu ile ilitangazwa kila mahali ili iwatishe vijana, na iliwatisha kweli. Wiki iliyofuata vijana walikutwa vyuoni nchi nzima. Walikutwa maabara, walikutwa maktaba, mmoja alikutwa juu ya paa la Chuo cha Ujenzi anahesabu mbao, akafungishwa ndoa na mbao zake. Mikeka ilipanda bei mpaka wasusi wakanunua baiskeli. Waziri aliliambia Bunge kwamba uhalifu wa kupenda shule umevuka mipaka, akaagiza kuta ziongezwe urefu, na walimu wakaanza kusahau ngazi nje ya kuta hizo.

Mzee Kibwana bado ana kipindi chake redioni. Wakimwuliza kama mtu anaruhusiwa kwenda kukiona chuo kwanza, hujibu kwa ukali uleule kwamba ni mwiko, kisha hutaja saa ambazo ni mwiko zaidi.

Sikudhani yuko mwaka wa tano sasa. Wakati wa likizo hupita zizi kwa zizi na begi lake la turubai, na mvua za mwaka jana mbuzi wa mtaa wetu walivimba kama kawaida, lakini wengi walivimbuka. Majirani huniuliza, "Mama, huyu mjukuu wako amesomea wapi?" Nami si mtu wa kujisifu, wala sipendi kusema uongo. Nawaambia hakusoma, anatumikia adhabu, na imebaki miezi michache.

Juzi alinipigia simu. Nilisikia ng'ombe nyuma yake, zaidi ya mmoja, na sauti za wasichana na wavulana wakigombezwa na Daktari Mwanahamisi. Alinisalimia, akaniuliza hali ya magoti yangu, kisha akaleta swali lake.

"Bibi," alisema, "mtu akitaka kuendelea na shahada ya pili, inabidi afanye kosa gani?"

Nimemwambia asubiri. Naulizia.